Kwa Nini Antena ya Zahanati Iko Msikitini

Mmoja wenu, mafundi vijana, alinipigia simu majuzi. Akanisalimu vizuri, shikamoo mama, nikaitika marahaba, kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyefumania wizi: kwa nini antena ya ile zahanati ya kule Kiwangwa iko juu ya mnara wa msikiti, ilhali kwenye michoro yetu iko juu ya paa la zahanati? Tuishushe? Nikamwambia mwanangu, usiguse kitu, nitawaandikia. Ndiyo haya sasa. Na kwa kuwa nimestaafu na hakuna wa kunikatiza, mtanivumilia nikianzia mbali. Vyeo na mishahara sitavitia humu. Ila mjue tangu sasa kwamba pale palikuwa na mashine ya altrasaundi iliyobakiza siku chache kuondolewa, na mwanamke mjamzito aliyekuwa akiihitaji kuliko mtu yeyote.

Mimi ni mtu wa Dunda, pale Bagamoyo mjini. Baba alikuwa akiuza vitambaa, na nilipomwambia nimepata kazi ya ufundi simu alishika tonge mpaka likapoa mkononi. Hakukataa. Alikuwa anaiona nguzo. Enzi zile simu ilikuwa ya waya, waya uko juu ya nguzo, na binti yake akiwa juu ya nguzo mtaa mzima utakuwa chini unatazama. Mama ndiye aliyemaliza maneno. Alinishonea suruali mbili pana za kuvaa ndani ya baibui, akaziweka mezani. Baba akazitazama, akaomba aongezwe chai.

Aliyenifunza kazi ni Bwana Mathayo, mtu wa Dodoma aliyeletwa pwani na misheni akiwa kijana, mkali kama siki, Mungu amrehemu. Siku ya kwanza hakunipa hata bisibisi. Alinipeleka kwa bibi mmoja wa mji mkongwe ambaye simu yake ilikuwa imekufa. Tukaketi barazani, tukaletewa chai ya tangawizi na vitumbua, tukaulizia hali za wajukuu mmoja mmoja mpaka wakaisha. Mie nachemka ndani kwa ndani. Nimekuja kufanya kazi au nimekuja kuposa? Basi bibi katika kuisifia baraza yake, mpya, ya saruji, akalalamika kwamba fundi alimchelewesha, eti wakati wa kuchimba alikuta mzizi mweusi umepita chini, ikabidi aukate kwa panga. Bwana Mathayo akaweka kikombe chini taratibu, akaomba ruhusa ya kuutazama huo mzizi. Ulikuwa waya wa simu, ulioshuka nguzoni ukapita ardhini.

Tulipokuwa tunarudi ofisini aliniambia maneno ambayo nimeyatumia kazini kuliko koleo. "Binti, kitu hakiharibiki hivi hivi. Ukikuta kimeharibika, jua kuna mtu jirani amefanya jambo jema la kwake. Kamtafute, umsalimu." Ndiyo maana nawaambia, mkifika mahali msikimbilie kufungua mkoba. Salimieni kwanza. Ulizeni nini kipya hapa nyumbani. Na msiulize kama polisi, maana mtu akiona anatafutiwa kosa atakuficha, na mficha uchi hazai.

Waya zikaja zikafa, ikaja minara ya simu za mkononi, nami nikaipanda. Huko juu nilijifunza kwamba adui wa mtandao wa pwani hii si radi, ni chumvi. Kichwa cha waya kinaonekana kizima kwa nje, ukikifungua kimeota kijani ndani. Kila kiungo kilicho nje kifungeni utepe wa mpira tabaka mbili, na uacheni waya uning'inie kitanzi kidogo kabla haujaingia kwenye kifaa, maji ya mvua yadondokee pale chini ya kitanzi. Mtu akiwaambia huo ni ushamba, mpeni ngazi apande yeye wakati wa masika.

Kisha ikaja Wi-Fi, na hapo nikagundua kwamba watu wetu wana mapenzi ya ajabu. Kitu kikiwa cha thamani, sisi tunakifunika. Nimekuta ruta, kile kisanduku cha kurusha mtandao, imevishwa kitambaa cha kudarizi chenye maua, imekaa kabatini katikati ya vikombe vya wageni, mlango umefungwa kwa ufunguo, na mwenye nyumba ananiuliza kwa nini chumbani kwake mtandao haufiki. Usimcheke. Mwambie hii ni kama taa, ukiifunika itamulika wapi? Atakuelewa pale pale. Na kwenye majumba ya zamani ya mawe pale mjini msipoteze muda kuongeza nguvu. Ukuta ule uliwashinda wengi. Vuteni waya mpaka chumba cha pili, mweke kifaa kingine huko.

Habari ya Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, inataka kitabu chake, lakini nitasema kidogo. Niliianza kwa sababu kompyuta tulizopewa zilikuwa chakavu na ile programu nyingine ilikuwa imezichosha, zinawaka kama mgonjwa anayeamshwa. Nikaweka Linux, zikafufuka. Watu wanaogopa ile skrini nyeusi ya kuandika amri, wakidhani umeiua mashine. Mwalimu mmoja wa Makurunge aliniita mbio kwamba kibodi imekufa, kumbe alikuwa anaandika nywila, na kule nywila haionekani, haitoki hata nukta. Nikamwambia andika tu, ubonyeze kitufe cha kuingiza. Ikafunguka, akacheka mpaka akakaa. Mjifunze amri chache vizuri kuliko nyingi nusunusu. Msisasishe mashine siku ya ukaguzi. Na ile amri ya ping, ya kuuliza mwenzako upo, naye anajibu nipo, hiyo mwiache ikikimbia mbele yenu mnapokunywa chai, maana ni yenyewe iliyonionyesha ya Kiwangwa.

Haya, tumefika. Zahanati yenyewe ipo kijiji kimoja cha ndani huko Kiwangwa, jina naliacha. Mkunga wake ni Nesi Anastazia, mzaliwa wa Ifakara, mwembamba, hasemi maneno mengi. Alikuwa amepewa mashine ya altrasaundi kwa majaribio. Yeye anampaka mama dawa tumboni na kukishika kile kifaa, na daktari wa hospitalini mjini anaona picha papo hapo kwenye skrini yake na kumwelekeza, sogeza kushoto, rudi, hapo hapo. Daktari alikuwa na nafasi alasiri tu, asubuhi yuko wodini na kwenye chumba cha upasuaji. Na alasiri ndipo mtandao ulipokuwa unakufa. Mtandao wa simu nao bondeni pale ni wa kupandia kichuguu, sauti inapita kwa shida, sembuse picha. Wakubwa wakasema kama mashine haitumiki basi gari litakuja Jumatatu kuichukua ipelekwe kwingine.

Mafundi wetu walikuwa wameshakwenda, tena si mara moja. Wanatoka Bagamoyo alfajiri, wanafika asubuhi, wanapima, mtandao unakimbia vizuri, wanabadilisha ruta kwa kujiridhisha, wanawahi kurudi kabla ya adhuhuri. Mwishowe wakaandika kwamba mtandao ni mzima, mtumiaji afundishwe. Nilipokwenda mwenyewe, Nesi alinionyesha hayo maneno kwenye simu yake. "Mama, wameandika nifundishwe," akasema. Machozi yalikuwa yamemlenga, na mimi nikaona haya kwa niaba ya ofisi nzima.

Siku hiyo alikuwapo Tatu pale kwenye benchi, tumbo limemkaa mbele. Alikuwa ametokwa na damu kidogo bila maumivu, na Nesi alihofia kwamba kondo la nyuma limekaa chini kwenye mlango wa uzazi, jambo ambalo likiwa kweli mama hawezi kujifungua salama kijijini. Lakini hakuwa na hakika, na wa kumpa hakika ni daktari. Alimsihi Tatu aende mjini hivyo hivyo. Tatu alikataa. Mtoto wake wa kwanza alimpoteza njiani, kwenye barabara ile ile, gari limekwama kwenye matope ya masika. Aliniambia bila kunitazama kwamba hapandi tena gari kwa kubahatisha. Daktari akimwambia njoo, atakwenda. Akiambiwa labda, hapana. 

Basi nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikasalimia kila mtu, nikaomba chai, nikafungua kompyuta yangu dirishani, nikaiwasha ping iulizane na ofisi ya ushirika wa wakulima, iliyo ng'ambo ya uwanja, ambako ndiko mtandao wa waya unakoishia. Kutoka pale unavuka hewani kwa antena mbili, moja paa hili, moja paa lile, zinatazamana. Asubuhi nzima majibu yakaja moja kwa moja, nipo, nipo, nipo. Nikala nanasi. Nikaulizia mvua, nikaulizia bei, nikasikiliza habari za mkwe wa mtu.

Mchana lori likaja likasimama katikati ya uwanja, kati ya paa na paa. Ulikuwa msimu wa mananasi, na uwanja ule ndio wa kupakilia. Vijana wakaanza kurusha, mmoja chini, mmoja juu, wakiimba. Mie namtazama yule wa juu anavyopanga kwa ustadi, mananasi yanapanda yanavuka ubao wa lori, yanavuka kichwa cha dereva. Nikageuza macho kwenye skrini. Jibu moja limepotea. Kisha mawili. Kadiri lundo linavyokua ndivyo majibu yanavyochelewa, na lilipofika usawa wa paa yakakatika kabisa. Loo! Nilikiweka kikombe chini nikacheka peke yangu kama mwehu. Nanasi ni maji, wenzangu. Mmeshawahi kuona Wi-Fi ikipenya pipa la maji? Lori tupu liko chini ya njia ya antena, halimsumbui mtu. Likijaa ni ukuta wa maji. Jioni linaondoka kwenda Dar, mtandao unarudi, na daktari ameshakwenda kwake.

Msimamizi wa uwanja ni Mzee Mbwana, Mkwere wa pale pale, mtu wa sauti kubwa. Nilipomwendea na kumweleza alidhani namtania. Nikamleta dirishani, nikamwomba alisogeze lori kidogo. Akapiga kelele, lori likasogea, majibu yakarudi. Likarudishwa, yakakatika. Akaitazama ile skrini, kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo: "Kwa hiyo ni mimi ninayemzibia mwanangu?" Hapo ndipo nilipojua Tatu ni bintiye. Nikamwambia hapana mzee, wewe unapakia mananasi, kosa ni la waliofunga antena chini. Na ndivyo ilivyo. Walioifunga walikuja wakati si wa msimu, wakakuta uwanja mweupe. Lakini hakusikia. Alikuwa ameshatoka nje, anamwita dereva.

Siku ile ile alijaribu. Aliyafukuza malori mpaka mwisho wa uwanja. Lori moja likitoka jingine linaingia, dereva mgeni, anataka kivuli, anataka pawe karibu na barabara, anabishana. Nesi akampata daktari, picha ikaja nusu, ikaganda, na wakati Mzee Mbwana bado anagombana na dereva wa tatu, daktari akaitwa kwenye upasuaji wa dharura. Tatu akajifuta dawa tumboni, akashuka kitandani, akaenda zake nyumbani.

Dawa ilikuwa moja tu, antena ipande juu. Mlingoti mpya unataka msingi wa zege, unataka maombi, unataka sahihi, na gari lilikuwa linakuja Jumatatu. Kuchimba waya mpaka ng'ambo kulitaka kuvuka barabara, na hilo nalo lina vibali vyake. Nikatoka nje nikaangaza. Kitu kirefu kuliko vyote pale kilikuwa mnara wa msikiti, ukuta kwa ukuta na zahanati, wenye vipaza sauti vyake viwili juu.

Tulikwenda baada ya swala ya alasiri, mimi, Mzee Mbwana, na Nesi Anastazia mwenye rozari shingoni, ambaye alisimama nje ya geti mpaka imamu mwenyewe alipomwita aingie uani na kumtolea kiti. Imamu ni mtu wa makamo, anavaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikaeleza. Wazee wa kamati wakauliza maswali ya maana kuliko niliyozoea kuulizwa ofisini: kitapiga kelele? Kitavuta radi? Umeme wake nani analipa? Nikayajibu yote. Kisha mmoja wao akakohoa, akasema tatizo si antena, tatizo ni kwamba fundi ni mwanamke, na mnara wa msikiti hajapata kuupanda mwanamke.  Niliumia, sitaficha. Umri ule, kazi ile yote, bado nahesabiwa suruali.

Imamu akavua miwani. "Hapandi kuadhini," akasema. "Anapanda kufanya kazi. Na huyo mtoto wa Tatu akizaliwa, ataadhiniwa sikioni na nani, kama si sisi?" Yule mzee akainamisha kichwa, akasema basi na tumtafutie ngazi nzuri. Na ngazi aliileta yeye mwenyewe, kutoka kwake.

Nilipanda kesho yake asubuhi.  Nilifunga antena chini ya vipaza sauti, upande wa uwanja, nikailenga paa la ushirika, nikashusha waya ndani ya mnara mpaka uani na kuupitisha juu ya ukuta hadi zahanati. Kwa wale wa michoro: waya umo ndani ya bomba la plastiki, kuna waya wa radi unaoshuka ardhini upande wa kaskazini, ufunguo wa mnara anao imamu, na hampandi wakati wa swala. Ruta ya zahanati ipo ukutani, haina kitambaa, na Nesi anajua kwa nini. Mkienda, pelekeni salamu zangu kabla ya kufungua mkoba.

Alasiri ile uwanjani kulikuwa na malori mawili, yote yamejaa mpaka juu. Mzee Mbwana hakuyasogeza, nilimkataza. Nilitaka nione. Tatu akalala kitandani, Nesi akashika kifaa chake, na daktari akatokea kwenye skrini na kanzu ya kijani ya upasuaji, amechoka. Picha ikaja nzima. Haikuganda. Daktari akasema sogeza chini, chini tena, simama hapo. Akatazama. Sisi sote tukawa tunamtazama yeye anavyotazama. Kisha akamwita Tatu kwa jina.

"Tatu, kondo limeziba njia. Mtoto mzima, anacheza. Njoo leo, si kesho, nitakuwa nakusubiri mimi mwenyewe."

Tatu akauliza, "Umeona kabisa?" Daktari akajibu, "Nimeona kabisa." Basi Tatu akaketi, akafunga kanga yake vizuri, akatutazama kama sisi ndio tunaochelewesha.

Tulikwenda kwa gari la kazi, mimi nikiendesha, Tatu amelazwa nyuma na kichwa mapajani mwa Nesi. Mzee Mbwana alitangulia barabarani kwa miguu, anayasukuma malori kwa sauti tu mpaka tukapata njia. Baada ya mwendo, mahali penye mteremko na kidaraja kidogo, Tatu akasema polepole kwamba ni hapa gari lilipokwama. Nesi akamshika mkono. Niliuliza kama anataka nisimame. Akasema tusisimame.

Daktari alikuwa mlangoni kweli. Walimfanyia upasuaji jioni ile ile, akatoka mtoto wa kike, na mashine ya altrasaundi ikabaki ilipo, maana waliokuja Jumatatu walimkuta Nesi anaitumia, akawaambia wasubiri nje.

Alhamdulillahi, niliombwa mimi nikamrudishe Tatu kwao alipopona. Njia nzima alikuwa anamnyonyesha mtoto na kunisimulia kelele za wodini. Tulipokaribia kile kidaraja akaniomba nisimamishe gari. Alishuka na mtoto mikononi, akaenda mpaka ukingoni mwa barabara, akakifunua kichanga uso, akasimama nacho pale, anaongea maneno ambayo sikuyasikia wala sikutaka kuyasikia. Mimi nilishika usukani nikalia. Akarudi, akaketi, akafunga mlango.

"Haya, mama," akasema. "Nilikuwa nawakutanisha."